C ya Ihanda na C ya Johannesburg

Kila aliyenipigia simu tangu nirudi nimempa kipande. Furaha anajua habari za basi la Mpika. Gwamaka anajua habari za piano. Wale wa hosteli wamesikia kwamba nilipewa mtoto wa watu mpakani Beitbridge, na juzi nimeambiwa kwamba nilimbatiza. Nimechoka kuiona safari yangu ikinirudia ikiwa na vitu ambavyo havikutokea, kwa hiyo naiandika yote hapa mara moja. Habari za pasipoti, nauli na fomu nimeziacha. Zinafanana na zenu.

Kwa asiyejua: nilipomaliza shahada ya muziki Dar es Salaam, nilitaka kuendelea na masomo ya juu ya upigaji wa tarumbeta. Sikutaka kusomea namna ya kuifundisha wala historia yake. Nilitaka kuipiga. Pale chuoni kwetu hakukuwa na mwalimu wa tarumbeta, hivyo kwa miaka yote ile nilipimwa kwa sauti, kinanda na nadharia, na tarumbeta yangu nikaishi nayo kama mtu anayefuga mbuzi hosteli. Chuo kimoja cha Johannesburg kiliniona kwa video, nikipiga peke yangu ndani ya ghala la kahawa, kikaniita kwenye usaili. Nafasi ya tarumbeta ilikuwa moja. Tuliitwa wanne.

Ihanda hadi Tunduma

Bendi ya kanisa iliniaga Jumapili baada ya ibada. Kiongozi wake ni Baba Mdogo Obadia, mdogo wake baba, mkulima wa kahawa mwenye mashavu ya mtu anayepuliza chombo tangu ujana. Yeye ndiye aliyenifundisha, kwa njia ambayo bendi yetu imeifuata tangu wamisionari walipoleta vyombo. Kwenye msiba tunasimama nyuma ya kwaya na kusoma kitabu kile kile cha nyimbo, juu ya mabega yao. Mwimbaji wa sauti ya kwanza anasoma mstari wa juu, nami nasoma huo huo. Akiona nota ya C anaimba C, nami napuliza C. Hakuna karatasi nyingine. Mvua ikinyesha, tunasogea karibu zaidi na mwenye kitabu.

"Wakikuuliza nani kakufundisha, usinitaje," Baba Mdogo aliniambia tulipokuwa tukinywa chai.

"Kwa nini?"

"Ukiharibu watanitafuta."

"Na nikifanya vizuri?"

"Hapo taja jina na kijiji."

Mzee mmoja wa kanisa alitaka kujua kama huko niendako watu hupiga tarumbeta bila Mungu. Nilimuuliza tarumbeta inajuaje nani anaipuliza. Mama akanikanyaga mguu chini ya meza, nikaomba anisogezee sukari.

Asubuhi nilipanda bodaboda, kesi ya tarumbeta mgongoni, begi katikati yangu na dereva. Foleni ya malori ilianza mbali kabla ya mji. Nikamuuliza dereva kwa nini malori yenye haraka kuliko yote nchini ndiyo yanayolala barabarani kuliko yote. Akasema, "Dada, we unauliza maswali kama trafiki, na huna hata filimbi."

Tunduma na Nakonde zimetenganishwa na geti na saa nzima. Ukivuka, Wazambia wako nyuma yetu kwa saa moja, hivyo unapewa bure saa ambayo umeshaitumia. Tangu utoto nimekuwa nikiuliza watu wenye nyumba zao palepale mpakani hula chakula cha mchana saa ngapi. Mjomba wangu wa Nakonde ndiye pekee aliyewahi kunijibu. Alisema, "Kikiiva."

Nakonde hadi Mpika

Stendi ya Nakonde niliagiza vitumbua. Nikapewa madonge ya unga wa ngano, mazuri, ya moto, lakini si vitumbua. Nikamweleza muuzaji kwamba kitumbua ni cha mchele. Akaniambia kwamba hivyo vya mchele ndivyo vinavyohitaji jina lingine. Tukabishana kwa Kiswahili chake cha sokoni na Kibemba changu kibovu, hadi mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu akanipita, akanunua mfuko mzima, akanipa mawili.

"Kula, mwana. Tumbo halina pasipoti."

Huyo alikuwa Bana Kunda, yaani mama yake Kunda, na ikatokea kwamba kiti chake kilikuwa pembeni ya changu. Ni Mnamwanga kama mama yangu, ananunua mchele Tunduma na kuuuza Lusaka. Kabla basi halijaondoka alikuwa ameshajua ukoo wangu, akanipangia undugu, na kuniuliza kesi ile ina nini.

"Tarumbeta."

"Ya kanisa?"

"Yangu. Nakwenda nayo shule."

"Bado hujamaliza shule?"

"Nimemaliza. Nina shahada."

"Sasa unakwenda wapi?"

"Shule."

Alinitazama kwa huruma. "Iwe, wewe mwana. Ulifeli?"

Nilimweleza kuhusu masomo ya juu, kwamba ukishajua kupiga kuna kujua zaidi. Alisikiliza huku akichambua karanga. "Nimeelewa," alisema. "Ni kama kunyonyesha. Unajua kabla hujafundishwa, halafu anakuja nesi kukwambia unakosea."

Basi lilikwenda vizuri kupita Isoka na Chinsali. Misitu ya pale ni mirefu na haina mwisho, na kila baada ya kitambo kuna mtu amesimama na gunia la mkaa au beseni la uyoga, bila nyumba yoyote karibu. Nilikuwa na furaha ya kijinga. Nilikuwa na nota za usaili kwenye mapaja, kipande cha sehemu tatu walichotupangia wote wanne: ya kwanza ya kasi, ya pili ya polepole, ya tatu ya kasi kama mtu anayekimbiza kuku. Vidole vyangu vilikuwa vikiipiga kwenye goti. Kila sehemu niliijua kwa kichwa. Niliwahi kuisikiliza mara nyingi kwenye simu, lakini sikuwahi kuipiga pamoja na simu, kwa sababu tarumbeta humeza spika ya simu kama ng'ombe anavyomeza jani.

Kidogo kabla ya Mpika springi ikakatika. Dereva alilaza basi kando ya barabara, akavua shati, na kutuambia dakika ishirini. Mtu mzima wa Kizambia akisema dakika ishirini bila shati, Bana Kunda alinieleza, tafuta kivuli. Abiria walitawanyika. Wengine walikwenda kijijini kutafuta munkoyo, kinywaji chao cha mahindi na mizizi, wengine mtoni, na vijana wawili walikwenda kuangalia mpira kwenye kibanda chenye sola.

Jua lilipokaribia kutua basi lilikuwa tayari, ila nusu ya abiria hawapo. Honi ilikuwa imekufa. Konda alipiga mluzi hadi sauti ikakatika. Dereva akanijia.

"Sista, hicho chombo chako kinaweza kuita watu?"

Nilifungua kesi. Bana Kunda akanishika mkono. "Usipige ya polepole. Watadhani kuna maiti, watakuja kijiji kizima na tutalazimika kubaki."

Kwa hiyo nilipiga sehemu ya tatu, ya kukimbiza kuku, nikiwa nimesimama juu ya ngazi ya basi, nikiielekeza msituni. Niliipiga yote. Watu walitoka porini kama waliokuwa wamefichwa: wenye maji, wenye vikombe vya munkoyo, wale vijana wa mpira, na mzee mmoja ambaye hakuwa abiria wetu lakini alifikiri ni vizuri kuja. Walipiga makofi. Dereva alisema nikikosa shule nirudi kwake, kazi ninayo. Niliingia ndani nikiwa na hakika kwamba mwanamke anayeweza kuijaza Mpika kwa sehemu ya tatu hana la kuogopa Johannesburg.

Lusaka hadi Beitbridge

Bana Kunda hakukubali nikae stendi ya Lusaka kusubiri basi la pili. Alinipeleka kwa dada yake, tukala nshima, ugali wao, na majani ya maboga yaliyopikwa kwa karanga. Dada mtu aliniombea kwa muda mrefu sana, kwa Kibemba, na jina langu, Eliza, likitokea kila mara pamoja na neno trampeti. Bana Kunda hakunisindikiza kwa maneno mengi. "Wakikwambia unakosea," alisema, "kwanza uliza wanataka maziwa au wanataka nini."

Basi la kwenda kusini lilikuwa na mhubiri. Aliomba tulipoondoka, akaomba Chirundu tulipovuka mto, akaomba Harare. Nilimuuliza kwa nini maombi ya Lusaka hayatoshi hadi mwisho wa safari, maana Mungu ni yule yule na basi ni lile lile. Alisema kila dereva ana mapepo yake, na madereva wamebadilishwa mara mbili. Nilijiandaa kumshinda kwa hoja hadi nilipoona kwamba kwa habari ya madereva alikuwa sahihi.

Beitbridge tulikaa kwenye mstari jua likipanda na kushuka. Mbele yangu kulikuwa na dada wa Kizimbabwe mwenye mtoto mgongoni na mwingine wa kumshika mkono. Alipoiona kesi yangu alitabasamu, akaniuliza mimi ni wa kanisa gani. Nikasema mimi ni mpiga tarumbeta tu. Aliitikia kwa kichwa kwamba ameelewa, akamshusha mtoto wa mgongoni na kunikabidhi. "Muombee. Halali vizuri."

Nilimwambia kwamba siombei watu. Alifikiri ni unyenyekevu. Akaniachia mtoto, akampeleka mkubwa chooni, na nikabaki na kiumbe cha moto kinachonikodolea macho. Sikuomba. Nilimwimbia sehemu ya pili, ile ya polepole, kwa mdomo uliofungwa, kwa sababu ndiyo pekee iliyokuwa kichwani. Akalala. Mama yake aliporudi akatutazama, akasema amina. Hapo ndipo hosteli mlipopata ubatizo.

Chumba cha mazoezi

Asubuhi ya usaili nilipangiwa chumba na mpiga piano wa kunisindikiza. Aliitwa Lindiwe, mwanafunzi wa shahada ya pili, mwenye kucha fupi kabisa na kikombe kikubwa cha kahawa. Tuliongea Kiingereza, kila mmoja kwa lafudhi ya kwao. Usaili wangu ulikuwa baada ya mchana. Tulikuwa na muda wa kutosha, alisema, tupitie mara moja tu tusichoke.

Piano ilianza. Nikaingia.

Sijui niwaelezeje sauti ile. Fikirieni watu wawili wanaoingia mlango mmoja kwa wakati mmoja, wote wanene, na hakuna anayerudi nyuma. Tulisimama. Lindiwe akasema huenda ameruka mstari. Tukaanza tena. Ikawa vilevile. Akaniuliza kama nimeanzia mahali sahihi. Nikamwonyesha kwa kidole. Tukaanza mara ya tatu, na safari hii aliacha kupiga katikati, akabaki ananisikiliza, kichwa pembeni, kama fundi anayesikiliza injini.

"Hiyo ni tarumbeta ya C?"

"Ni ya B flati."

"Nipe C."

Nikampa. Akabonyeza C ya piano. Zililingana kabisa.

"Hiyo ni C," alisema.

"Umeniomba C."

"Hiyo ni C ya piano, sisi," alisema, akimaanisha dada.

"Kuna nyingine?"

Na nilipotamka hivyo nikajua kwamba ipo. Nilishawahi kujibu swali lake kwenye mtihani wa nadharia, na nikapata. Tarumbeta ya kawaida ni ya B flati: ukiipuliza bila kubonyeza kitu, moja ya sauti zake ni B flati ya piano. Wapigaji wa okestra wamekubaliana kwamba sauti hiyo iandikwe C kwenye karatasi yao, na mtunzi anapoandika anajua kwamba kila kitu kitashuka toni moja. Niliandika hayo kwa kalamu, nikachora na mfano, na sikuwahi hata siku moja kudhani kwamba yanahusu kile chombo kilichokuwa chini ya kitanda changu. Kwangu mimi C ilikuwa C, ile ya kitabu cha nyimbo, ile anayoimba mtu wa sauti ya kwanza. Nilikuwa nimechukua karatasi iliyoandikwa kwa ajili ya kusomwa kwa njia yao, nikaisoma kwa njia ya Ihanda, na kipande chote, sehemu zote tatu, nilikuwa nimekikariri toni moja juu ya piano.

Mimi, ninayemuuliza mhubiri kuhusu mapepo ya madereva.

Lindiwe alicheka kwanza, kisha akaona uso wangu akaacha. Tukaanza kutafuta njia. Mimi nishushe kila nota? Nilijaribu mistari miwili; vidole vilikwenda vinakotaka. Kwenye chumba cha pili kulikuwa na kinanda cha umeme, na mnajua wapiga vinanda wa makanisa yetu wanavyoishi: wanajua ufunguo mmoja, nyingine zote wanabonyeza kitufe. Nilimwambia apandishe kwa kitufe, apige kama kilivyoandikwa. Alinitazama kama niliyemwomba ale sabuni.

"Nikibonyeza C nikasikia D, nitatapika juu ya funguo. Masikio yangu hayadanganyiki."

"Kwetu watu wanafanya hivyo kila Jumapili."

"Na wanamsifu Mungu hivyo hivyo? Hongera zao."

Mwisho alisema ya polepole anaweza kuipandisha kichwani, akipewa nusu saa. Za kasi hawezi, hakuna anayeweza. Halafu akashusha sauti. "Sikiliza. Waambie mdomo umevimba kwa ajili ya safari. Siku hizo zote za basi, wataamini. Tutapiga ya polepole tu, utaonekana malaika. Hili la kusoma utalirekebisha kimyakimya ukishaingia."

Niliupenda mpango ule. Sitawadanganya, niliupenda sana, na mdomo wangu ulianza kuuma wenyewe kwa kusaidia. Lakini niliona ugumu wake: baada ya kipande kilichopangwa, kulikuwa na kusoma nota ambazo hujawahi kuziona, palepale, mbele yao. Huko hakuna mdomo uliovimba utakaoniokoa. Na hata kama wangenipokea, wangempokea mtu mwingine, msomaji wa C yao, na mimi ningelazimika kumwigiza.

Mbele ya walimu

Walikuwa wawili. Mwenyekiti alikuwa mpiga trombone mrefu, mpole. Mwingine alikuwa profesa wa tarumbeta, mama mfupi wa mvi, na atakayechaguliwa angesoma kwake. Nilisema kabla sijakaa. Nilisema tarumbeta ni ya B flati, nimeisoma kama ya C, nimegundua asubuhi hii, ya polepole tutaipiga na piano na zile mbili nitazipiga peke yangu.

Kisha profesa akamgeukia mwenzake. "Nilikwambia ni ya B flati."

"Ilisikika C," alisema mwenyekiti.

"Nota zilikuwa za C. Mlio wa chombo ulikuwa wa B flati. Chakula cha mchana ni juu yako."

Kumbe video yangu iliwagombanisha wiki nzima.

Tulipiga ya polepole. Lindiwe aliipandisha bila kukosea hata mahali pamoja, jasho likimtoka puani. Zile mbili nilizipiga peke yangu, na ile ya tatu niliipiga kama ilivyopigwa Mpika, maana sikuwa na kingine cha kupoteza. Profesa hakuandika kitu. Alinipa karatasi nisiyoijua.

"Isome unavyosoma wewe."

Nikaisoma, safi.

"Sasa isome ilivyoandikwa."

Nilianza kama mtoto wa chekechea anayeunganisha ba-be-bi. Nilifika mstari wa pili, nikakwama, nikarudi, nikakwama palepale. Hakunisimamisha. Nadhani alitaka kuona kama nitaomba kusimama, na sikuomba.

"Nani anasoma hivyo?" aliuliza nilipofika mwisho, kama kule kulikuwa mwisho.

"Bendi yetu nzima. Kwenye misiba tunasoma kitabu cha kwaya." Nikamweleza habari za mabega na mvua. Mwenyekiti akainuka, akachukua kwenye piano ukurasa wa kwaya wenye sauti nne, akauweka mbele yangu. Akanitaka nipige sauti ya pili. Nikapiga. Akanitaka ya tatu. Nikapiga hiyo pia, ikinipasa kuipandisha juu ili tarumbeta iifikie. Alicheka kwa furaha. "Wanafunzi wetu wa mwaka wa mwisho hawawezi hili."

"Na okestra haibebi kitabu cha kwaya," alisema profesa.

Hapo ndipo nilipouliza. Najua mlikuwa mnasubiri. "Kwa nini iandikwe C na isiwe C?"

"Ili siku ukishika tarumbeta ya ukubwa mwingine, vidole vibaki vilevile."

"Na sisi tunaoshika moja hadi tufe?"

Hakukasirika. "Sasa jiulize kama unataka kushika moja hadi ufe," alisema. Kisha akaniambia watanipigia simu.

Lindiwe alikuwa nje na kahawa nyingine. Alisema kusema kweli kumeniharibia au kumeniokoa, na kwamba kwa vyovyote hatanisahau, maana nusu saa ile imemzeesha.

Kurudi

Njia ya kurudi sitaieleza sana. Beitbridge palikuwa Beitbridge. Lusaka sikumpata Bana Kunda. Dada yake alisema amesharudi Tunduma kufuata mchele. Nilikaa kwenye kiti cha dirishani, vidole kwenye goti, nikijifunza kuita kila sauti kwa jina jipya, na kila mara jina la zamani likitangulia.

Baada ya Serenje simu iliita. Namba ya Johannesburg. Profesa alikuwa na sauti ile ile ya taratibu. "Eliza, nafasi ni yako," alisema, "lakini," na mtandao ukakatika.

Nilisimama ndani ya basi. Sijui nilisema nini, ila watu wote waligeuka. Baba aliyekuwa pembeni yangu, mwalimu wa Mpika, aliniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia nimepata nafasi lakini.

"Lakini nini?"

"Sijui. Imekatika kwenye lakini."

Habari ile ilizunguka basi lote. Kila mtu alikuwa na lakini yake. Mmoja alisema watataka nibadilishe dini. Mwanamke mmoja alisema bila shaka ni lakini njoo na mume. Konda, aliyekuwa na kichwa kizuri kuliko wote, alisema kama wangekataa wasingeanza na nafasi. Nilishikilia hilo. Nilishika simu juu karibu na dari, miti ikipita, na sijawahi kuichukia misitu kama siku ile. Ilipokaribia Mpika mistari ya mtandao ikarudi, na mwalimu wangu wa pembeni akaniambia nisimame kabisa, juu ya kiti. Simu ikaita nikiwa huko juu.

Lakini hii hapa: nifike wiki sita kabla ya wenzangu. Nianze na kitabu cha watoto, ukurasa wa kwanza, pamoja na wanafunzi wapya wa shahada ya kwanza. Siku masomo yatakapofunguliwa, nisome chochote watakachoweka mbele yangu kama kilivyoandikwa. Nikishindwa, nafasi inakwenda kwa wa pili. "Na kuanzia leo," profesa alisema, "usisome kwa njia ile nyingine. Hata wimbo mmoja. Mpaka hii mpya ikae."

Nilisema ndiyo kabla hajamaliza. Basi likapiga makofi bila kujua ni kwa lipi.

Ihanda nilimkuta Baba Mdogo Obadia akianika kahawa. Nilimweleza yote, nikimsaidia kugeuza punje. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Kwa hiyo wakiandika C hawamaanishi C."

"Hawamaanishi."

"Na hao ndio maprofesa."

"Ndio hao."

Alitupa punje mbovu moja nje ya mkeka, kisha nyingine. "Umenitaja jina?"

"Nilitaja. Jina na kijiji."

"Nilikwambia utaje ukifanya vizuri."

"Nimepata nafasi, Baba Mdogo."

Alikubali hoja hiyo kwa kugeuza kahawa. Halafu akaniambia kwamba Jumamosi kuna msiba Hasamba, mzee wa mmoja wa wapigaji wetu, na bendi itatoka nzima. Nikamweleza habari ya usisome hata wimbo mmoja. Kazi ya mikono yake ilisimama. Nilidhani atasema kiburi, au wazungu, au shahada. Alisema, "Mpaka lini?"

"Mpaka Januari mwishoni. Pengine zaidi."

"Na nyimbo unazozijua kwa kichwa?"

"Hizo ndizo mbaya kuliko zote. Vidole vinazijua kwa njia ya zamani."

Aliziacha punje kwenye mkeka. Kisha akaingia stoo, nikasikia vitu vikisogezwa, akatoka akiwa amekumbatia ngoma kubwa ya bendi, ile ya mkanda, iliyopasuka ukingoni.

Jumamosi tulikwenda Hasamba. Binamu yangu alipewa mstari wa kwanza na aliupiga kwa woga, akikodolea macho kitabu juu ya bega la mama wa kwaya. Kwenye ubeti wa pili alikosea mahali ambapo mimi sikosei, na midomo yangu ikajikaza yenyewe. Nilipiga ngoma kutoka nyumbani kwa marehemu hadi makaburini, taratibu, mapigo yaliyo sawa, mkanda ukinikata bega, na nilikuwa na furaha isiyofaa kabisa mahali pale. Ngoma haina C yoyote.